Majani ya Saa Nane

Siku ya nne tangu mjukuu wake aje likizo kutoka vitani, Bibi Eunike alimkuta nyuma ya banda la ng'ombe, ameshika nguzo kwa mikono miwili kama mtu anayesafiri juu ya lori. Jua lilikuwa la saa nane mchana. Kwenye njia ya chini ya kihamba, shamba linalozunguka nyumba yao, alikuwa anapita Winfrida, jirani yao, na mzigo wa majani kichwani, mkubwa hata uso wake hauonekani. Mundu aliuchomeka katikati ya mzigo, mpini ukawa umetokeza nje.

"Bibi," Calvin alisema bila kugeuka. "Winfrida anatoka wapi saa hizi?"

"Kukata majani. Si unamwona."

"Saa nane?"

"Asubuhi anafua mashuka kule kwenye hoteli ya watalii. Akitoka ndiyo anashuka tambarare kutafuta majani. Siku hizi wengi wanakata mchana, baba. Kazi zimekuwa nyingi."

Calvin akakaa chini pale pale, juu ya samadi, na ile suruali yake nzuri aliyokuja nayo.

Eunike hakumwuliza kitu. Alikuwa amelea watoto sita na wajukuu wanne, na alijua kuwa mtu aliyebanwa ukimwuliza mapema anajifunga zaidi. Alikwenda akaleta kigoda, akaona ni kimoja tu na kijana yuko chini, akakiacha, akakaa naye kwenye samadi. Magoti yalilia. Ng'ombe akawaangalia wote wawili, akaendelea kutafuna.

Calvin alikuwa mtoto wa binti yake, na binti huyo alifariki Calvin akiwa na miaka mitano. Eunike ndiye aliyemlea hapo Marangu, kati ya migomba na mibuni, na alipomaliza shule akampeleka Moshi mjini kwa fundi Shakiru ajifunze magari. Akiwa na miaka ishirini na mbili alishinda ile bahati nasibu ya kadi ya kijani, kibali cha kuhamia Marekani. Akaenda, akakata kuku kiwandani miaka miwili, kisha akaingia jeshini kwa sababu aliambiwa askari anapata uraia upesi.

"Ni fundi tu, Bibi," alimwambia kwenye simu. "Natengeneza malori. Bunduki napewa kama mlinzi anavyopewa tochi."

Vita yenyewe Eunike aliijua kupitia simu hizo. Mwaka wa kwanza Calvin alisema wamepelekwa watu thelathini tu, katika nchi moja ya mbali yenye milima mikavu, kuwafundisha askari wa huko kutunza malori waliyopewa msaada. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa inasumbuliwa na waasi waliojificha milimani. Sisi hatupigani, alisema, tunafundisha. Mwaka wa pili mwalimu mmoja alipigwa risasi akiwa chini ya lori, wakaletwa askari mia wa kuwalinda walimu. Halafu ukajengwa uwanja wa ndege wa kuwashushia chakula wale mia. Halafu wakaja watu wa kulinda uwanja. Halafu zikaja ndege zisizo na rubani, za kuangalia njia itokayo uwanjani kwenda kambini. Eunike aliishia darasa la saba, lakini hilo halikuhitaji shule: kila mara watu waliongezeka, na kila mara waliongezeka ili kuwalinda waliotangulia. Siku moja alimwuliza, "Sasa wote wakilindana hivyo, nani anafundisha?" Calvin alicheka, kisha akashusha sauti. "Hakuna, Bibi. Darasa lilifungwa."

Sasa pale bandani alianza kusema, akiangalia mikono yake.

"Kuna njia inapita mlimani, juu ya barabara yetu. Siku moja luteni aliniita kwenye hema lenye ile televisheni ya kuangalia picha za ndege. Ni kijana mdogo, Bibi, mdogo kuliko mimi. Mama yake akimtumia kahawa ananigawia, kwa sababu nilimwambia kwetu tunalima kahawa. Akanionyesha. Watu sita wanateremka na mizigo mirefu kichwani. Akasema, wewe umekulia kijijini, kwenu mnafuga. Hawa ni wakulima au wamebeba silaha? Nikatazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika kumi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mwenye majani yake hakati saa nane."

Maneno hayo yalikuwa ya Eunike mwenyewe.

Aliyasema mwaka wa ukame, Calvin akiwa na miaka tisa. Walikuwa na kipande cha majani kule tambarare, na kila walipokwenda walikuta kimenyolewa kama kichwa. Akamweka mtoto alinde wakati wa likizo. Akamfundisha: majani hukatwa asubuhi, yakaachwa yanyauke kidogo, ng'ombe akala mchana. Saa nane wenye mashamba wanakula na kupumzika, na huo ndio wakati wa wezi. Mwenye majani yake hakati saa nane. Ukimwona mtu, piga kelele.

"Luteni akaniuliza, una uhakika? Nikasema hata bibi yangu atakwambia." Calvin alijifuta uso kwa bega. "Wakapigwa kombora, wote sita wakafa. Walikuwa wanaume watano na msichana. Kwenye mizigo kulikuwa na majani, Bibi. Majani matupu. Baadaye mkalimani wetu ndiye aliyenieleza. Kule asubuhi hawaruhusiwi kupita, kuna kizuizi, kinafunguliwa saa sita. Kizuizi chenyewe ni chetu sisi."

Jogoo wa jirani aliwika. Eunike alichukua mkono wa mjukuu wake akauweka mapajani, kama alivyofanya zamani alipokuwa akimtoa mwiba.

Mengine yalitoka siku hiyo na siku iliyofuata, kidogo kidogo. Kijiji cha wale watu sita kilikuwa hakijawahi kuwa upande wa waasi. Kiliwauzia askari wa kambi mayai. Wiki ile ile vijana wake wote wakapanda mlimani kwa waasi. Baada ya mwezi kambi ikashambuliwa, malori yakaungua, wakaletwa askari elfu moja. Kwenye taarifa za habari wakasema waasi wameongezeka, na hakuna aliyesema wameongezeka kwa nini.

Na kulikuwa na karatasi. Ilikuwa imo kwenye simu yake. Wakubwa walitaka kulifunga jambo la njia ile, na wakamwandikia Calvin maelezo tayari, asaini tu: kwamba siku ile aliona mitutu ya bunduki imetokeza kwenye mizigo. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Mitutu hiyo uliiona?" Eunike aliuliza.

"Niliona mipini ya miundu. Sikujua ni mipini."

"Na ukisaini?"

"Napewa usajini. Narudi kule kule, nakaa kwenye lile hema. Ninakuwa mtu wa kuwaambia nani ni mkulima na nani siye." Alicheka kicheko kisicho na meno. "Wanasema mimi najua watu wa vijijini."

"Usiposaini?"

"Sijui. Wanaweza kunifukuza. Wanaweza kunishtaki kwa kuwapotosha. Uraia wangu bado uko mezani kwa mtu."

Jumatano walishuka Moshi, Eunike kununua pumba na chumvi ya ng'ombe, Calvin kumsalimia fundi wake wa zamani. Gereji ya Shakiru ilikuwa mtaa wa Majengo, ua wa mchanga uliojaa mafuta, na Shakiru mwenyewe, ndevu zimekuwa nyeupe, alitokea chini ya pikapu akiwa amelala chali.

"Shikamoo, fundi," Calvin alisema.

"Marahaba, Mmarekani. Shikamoo, Bibi Eunike. Ngoja, usikae hapo." Akainuka, akafuta kiti kwa shati lake mwenyewe lililokuwa safi kuliko kitambaa, akamsogezea kivulini, akamwita mkewe Maulida alete chai isiyo na sukari, maana alikumbuka kwamba Eunike ana kisukari. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa miaka saba iliyopita. Eunike aliweka jambo hilo moyoni.

"Nasikia siku hizi mnapigana vita kwa rimoti," Shakiru alisema. "Mtu anakaa kwenye kiyoyozi anabonyeza kama anatafuta mpira."

"Wengine. Mimi niko kwenye vumbi."

"Afadhali. Fundi asiye na vumbi ni mwizi. Na kwani mlifuata nini kule?"

"Tulikwenda kufundisha kutengeneza malori."

"Ehe. Yamepona?"

"Yameungua yote."

Shakiru alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Akamkabidhi spana. "Shika hii. Hii pikapu ya mzee mmoja wa Holili inachemsha, nimeifungua mara mbili sioni kitu."

Calvin akavua shati la juu akaingia chini ya gari. Eunike alikunywa chai yake akiangalia miguu minne iliyotokeza, miwili imevaa kandambili na miwili buti za jeshi, akasikia wanabishana kuhusu pampu ya maji. Shakiru alimwambia amesahau kazi, Calvin akamjibu kuwa hajasahau ila fundi amezeeka macho. Kwa muda wa saa nzima sauti ya mtoto wake ilikuwa ile ya zamani.

Walipotoka Calvin alikuwa amejifuta mikono. Shakiru akamwuliza, bila utani safari hii, "Unarudi huko?"

"Ndicho ninachokitafakari, fundi."

"Mimi mambo ya wakubwa siyajui," Shakiru alisema. "Ninalojua ni kwamba mteja akija na gari bovu, fundi wa kwanza akasema ni pampu, wa pili hafungui tena, anabadilisha pampu. Wa tatu naye pampu. Gari lina pampu tatu na bado linachemsha. Kila mmoja anaogopa kusema wa kwanza alikosea." Akamgeukia Eunike. "Pumba zako umeshabeba, Bibi? Niache nikufungie kwa kamba, utateseka na huu mfuko."

Alhamisi asubuhi Eunike alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori alipomwona Calvin anakuja kutoka mpakani mwa kihamba na jani la isale mkononi, lile jani refu la kijani ambalo Wachagga huotesha mipakani, na ambalo mtu aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Ukipelekewa isale, hata kama moyo unawaka, hulikatai.

"Nataka unifundishe linavyofungwa," Calvin alisema. "Nimpe mkalimani alifikishe kile kijiji."

Eunike aliweka kisu chini. Alichoka ghafla, uchovu wa miaka sabini na minne, na akatamani kumwambia ndiyo, nipe nikufungie, likauke kwenye begi lako ukapate kupumua. Ingekuwa rahisi. Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto huyu ila mara moja.

"Kaa," alisema. "Isale haliendi peke yake, Calvin. Linabebwa na mtu anayejulikana pande zote mbili. Na akifika, kabla hajalitoa, anataja kosa. Anasema, fulani ndiye aliyefanya hivi, siku fulani. Hasemi, kama tumewakosea mtusamehe. Akisema hivyo, wenyewe wanamrudisha, na wana haki." Akalitazama jani. "Sasa mkalimani wako atafika kule aseme nini? Na karatasi yako imesema wale watu walikuwa na bunduki?"

Calvin aliketi, akaliweka jani magotini.

"Kuna kingine. Ule mwaka wa majani ya tambarare, kuna siku ulipiga kelele, ukakimbia nyumbani kuniita. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikwenda ukarudi ukasema mwizi amekimbia."

"Hakukimbia. Nilimkuta. Alikuwa mjane mmoja wa kule chini, ana mbuzi wawili na mtoto mgongoni. Asubuhi alikuwa anachota maji ya watu. Nilimsaidia kujitwisha mzigo, nikamwambia aje tena kesho kutwa. Sikukwambia, kwa sababu sikutaka watoto wake, waliosoma na wewe, waaibishwe shuleni." Akamtazama usoni. "Nilikufundisha kupiga kelele. Kilichofuata baada ya kelele sikukufundisha. Nilidhani ni wema, kumbe nilikuachia nusu."

Calvin aliinua macho kutoka kwenye jani. "Si kosa lako, Bibi."

"Si langu lote. Lakini lipo ninalolibeba, usininyang'anye."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya. Calvin akachukua kisu kingine, akamsaidia mpaka sufuria ikajaa.

Ijumaa, baada ya Winfrida kuwaletea chupa ya maziwa kwa kuwa ng'ombe wao alikuwa amekauka, na kukataa kukaa kwa kuwa aliona watu wana jambo, Calvin alikaa barazani na simu. Aliandika kwa vidole gumba kwa muda mrefu. Halafu akamtafsiria bibi yake.

"Nimeandika: Huenda kulikuwa na makosa katika kuwatambua watu waliokuwa njiani."

"Nani alikosea?"

"Ni namna ya kuandika ya kijeshi, Bibi."

"Nimesikia. Nani alikosea?"

Calvin alifuta. Akaandika tena, akasoma tena. Safari hii yalikuwa maneno machache. Kwamba yeye ndiye aliyesema si wakulima. Kwamba hakuona mtutu wowote, wala siku ile wala baadaye kwenye picha. Kwamba alijenga uhakika wake juu ya desturi ya kijiji cha kwao, mabara mawili mbali na pale, na kwamba hata kijijini kwao desturi hiyo imebadilika, ameona kwa macho yake. Kwamba wale watu walipita saa nane kwa sababu kizuizi cha kambi kiliwazuia kupita mapema. Kwamba hatakaa kwenye lile hema.

"Umemtaja luteni?"

"Hapana. Aliniuliza mimi, nikamjibu mimi. Mengine atayasema mwenyewe."

Eunike aliitikia kwa kichwa. Aliona kidole cha Calvin juu ya kioo cha simu, akatamani kukishika, akajizuia. Calvin akabonyeza.

Majibu yalikuja kabla chai haijapoa. Likizo imekatishwa. Aripoti Jumapili, si kule vitani, bali makao makuu ya kikosi chake, kujibu maswali. Aliyeandika aliongeza mstari mmoja mwishoni, kwamba anasikitika, na kwamba avae koti kwa sababu kuna baridi kali. Eunike alimwomba amsomee mstari huo mara mbili. Hata huko kuna mtu, aliwaza.

Jumamosi alimfungia ndizi za kuchoma na kahawa ya kwao iliyotwangwa. Shakiru alipanda kutoka Moshi na ile pikapu ya mzee wa Holili, akasema ameiazima kuijaribu kwenye mlima ili amwone Mmarekani akiisukuma ikichemsha. Haikuchemsha. Akampeleka Calvin uwanja wa ndege.

Zikapita wiki tano. Redioni Eunike alisikia Marekani inapeleka askari elfu tatu zaidi katika nchi ile, kuimarisha ulinzi wa walioko. Mtangazaji alisoma kama anavyosoma hali ya hewa. Eunike alizima redio akaenda kukata mgomba wa kulisha ng'ombe, mikono mizito, akiwaza kwamba barua ya mtoto mmoja haikusimamisha hata lori moja. Aliwaza pia kuwa katika hao elfu tatu kuna wenye bibi zao.

Simu ililia akiwa bado bandani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Uko wapi?"

"Nipo ghalani. Nahesabu matairi. Wamenivua cheo. Uraia wamesema nisubiri, hawakusema mpaka lini."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza. Walikuwa watatu. Mmoja akasema, sasa unajuaje kwamba walikuwa wakulima? Nikamwambia hata siku ile sikujua chochote. Nilisema najua."

"Wakasemaje?"

"Mmoja aliandika. Wawili walitazama saa zao."

Eunike aliegemea mlango wa banda. "Sawa," alisema. "Mmoja ameandika."

"Bibi, mkalimani amenitumia ujumbe. Alipata maneno yangu, sijui kwa njia gani. Alikwenda kule kijijini akawasomea. Hawakumjibu kitu. Lakini alipokuwa anaondoka, mama wa yule msichana alimfuata njiani, akamwambia jina la mwanawe. Akasema, amwambie huyo aliyesema."

"Anaitwa nani?"

Calvin alilitaja. Lilikuwa jina refu, lenye sauti ya kooni ambayo Kichagga hakina wala Kiswahili hakina. Eunike alijaribu kulisema. Calvin akamrekebisha, taratibu. Akalisema tena, akakosea mwishoni. Akaweka chini ndoo aliyoshika, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwambia mjukuu wake alitaje tena, asiharakishe.